Hela za Shida: Miji ya Ujerumani Ilipojitengenezea Sarafu



Neno letu la wiki hii ni hela. Wale ambao wazazi wenu wametoka Tanzania mnalisikia nyumbani kila siku: "Sina hela." "Hela haziokotwi!" Wenzenu wa Kenya husema pesa zaidi, na familia zilizopitia Muscat zinajua kwamba Oman hadi leo wanahesabu kwa baisa, ambayo ni ndugu yake pesa. Pesa ilitujia kutoka Bara Hindi. Hela ilitoka Ujerumani. Tutafika Tabora kabla somo halijaisha, lakini kwanza twende Ujerumani yenyewe, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, tuingie kwenye duka la mikate. Mwaka ni 1917.

Mwanamke ameingia kununua mkate. Mume wake yuko vitani. Ana noti ya mark mbili mkononi, na mark moja ni pfennig 100, kama ilivyo shilingi na senti. Muuza mkate anafungua mtoto wa meza. Hakuna chenji. Jana hakukuwa na chenji, na kesho hakutakuwa. Mkate upo, noti ipo, na bado biashara haifanyiki.

Wazazi mnaijua hali hii. Konda wa daladala anakwambia "chenji baadaye" mpaka unashuka. Duka la Mangi linakupa pipi mbili, au kiberiti, badala ya shilingi zako hamsini. Watoto, msicheke: pipi ile ni hela ya dharura. Sarafu zimeadimika, mwenye duka ametafuta kitu kingine kishike nafasi yake. Ila pipi ina kasoro moja. Kusanya pipi ishirini, mrudishie Mangi, umwambie akupe nusu kilo ya unga. Uone atakavyokutazama. Pipi inatoka dukani, hairudi. Kumbukeni hilo, kwa sababu ndilo swali la somo zima: hela ya dharura ikishatolewa, inarudi kwa nani?

Sarafu za Wajerumani zilikuwa zimekwenda wapi? Kabla ya vita walikuwa nazo za kutosha: za dhahabu za mark 10 na 20, za fedha kuanzia nusu mark hadi mark 5, za nikeli na za shaba kwa vitu vidogo. Vita vilianza mwanzoni mwa Agosti 1914, na siku zilezile watu wakaanza kuzificha. Hofu ikiingia, mtu huweka chini ya godoro kile anachoamini hakitaoza. Kiswahili chetu kinalieleza vizuri kwa sababu fedha ni jina la madini na pia ni jina la hela: Mjerumani aliyeficha sarafu ya fedha aliona ameficha fedha mara mbili. Dhahabu serikali iliitaka yenyewe. Benki kuu, iliyoitwa Reichsbank, ikaacha kubadilisha noti kwa dhahabu, na baadaye raia wakahimizwa kupeleka hata pete na mikufu yao wapewe vya chuma badala yake.

Nikeli na shaba zilipotea kwa njia nyingine. Manowari za Uingereza zilizuia meli zisipeleke bidhaa Ujerumani, na madini haya yalihitajika viwandani: nikeli kwa kuimarisha chuma cha silaha, shaba kwa risasi na makombora. Serikali ilikusanya masufuria ya shaba majikoni mwa watu. Mwaka 1917 ilianza kuteremsha kengele za makanisa ziyeyushwe. Nchi inayoyeyusha kengele za kanisa haiwezi kuacha shaba mifukoni mwa watu ya kununulia mkate.

Serikali ilijaribu. Mwaka 1915 ilianza kutoa pfennig 5 za chuma, mwaka uliofuata pfennig 10 za chuma na pfennig 1 za alumini, madini yaleyale ya sufuria zetu za kupikia wali. Hazikutosha.

Nilipofundisha habari hii darasani, mtoto mmoja wa darasa la wakubwa aliniuliza, "Mwalimu, kwa nini hawakulipa kwa kadi?" Wenzake walimcheka. Mimi naona swali lake lina akili kuliko anavyodhani. Kadi yenyewe haina thamani, ni plastiki. Mwenye duka anaikubali kwa sababu anajua benki fulani itamlipa. Wajerumani wa 1917 hawakuwa na kadi, lakini walifanya jambo la namna hiyohiyo: walitafuta mtu wa karibu wanayemwamini, aseme "mimi nitalipa." Mtu huyo akawa halmashauri ya mji wao.

Mamia ya miji ikaagiza sarafu zake yenyewe. Mikubwa kama Frankfurt am Main, na midogo ambayo hata Mjerumani wa leo itabidi aitafute kwenye ramani. Upande mmoja nembo ya mji, upande wa pili thamani: 5, 10, au 50. Na mara nyingi neno Kriegsgeld, yaani hela ya vita. Nyingine zilikuwa za duara, nyingine za pembe nane, nyingine za mraba wenye kona zilizolainishwa, ili mtu asizichanganye na za serikali au za mji jirani. Viwanda binafsi vilizitengeneza. Kimojawapo, L. Chr. Lauer cha Nürnberg, kilikuwa kimezoea kutengeneza nishani na hela za watoto za kuchezea. Sasa kikaletewa oda za hela za watu wazima.

Nyingi ziliandikwa neno moja refu: Kleingeldersatzmarke. Watoto wanaolalamika kwamba "hatukuwapelekea" ni neno refu, wamtazame Mjerumani. Tulipasue kama tunavyopasua vitenzi vyetu. Klein ni -dogo. Geld ni hela. Ersatz ni badala. Marke ni alama. Tukiunga: alama ya badala ya hela ndogo. Kwa nini wasiseme "sarafu" wakamaliza? Kwa sababu kwa sheria, kupiga sarafu ilikuwa haki ya dola, na mji haukuruhusiwa. Basi mji haukutengeneza sarafu, ulitengeneza alama! Serikali ilifumba macho maana yenyewe ilikuwa imeshindwa. Mimi napenda sana ujanja huu wa kiofisi. Nimefanya kazi hospitalini miaka mingi, na najua kitu kikipewa jina lingine kinaweza kupita mlango uliokuwa umefungwa.

Zilitengenezwa kwa chuma au zinki, kwa kuwa ndiyo madini yaliyopatikana. Zinki mnaijua, ingawa hamjui kwamba mnaijua. Imo kwenye dawa nyeupe tunayowapaka watoto wachanga wakipata vipele vya nepi. Na bati la kuezekea nyumba kule nyumbani ni chuma kilichopakwa zinki ili kisishike kutu. Chuma kitupu ni adui wa sarafu: sarafu hupita mikononi, mikono ina jasho, na jasho na chuma havipatani. Kwa hiyo sarafu nyingi za chuma nazo zilipakwa zinki, zikawa kama vipande vidogo vya bati vyenye nembo ya mji. Zile za zinki tupu hazishiki kutu nyekundu, lakini hupoteza mng'ao na kuwa kijivu.

(Hapa nisimamishe somo kidogo, kwa sababu kila wiki nasikia kosa hili. Tunasema sarafu ya chuma kwa moja, sarafu za chuma kwa nyingi. Si "sarafu wa chuma," wala "sarafu vya chuma." Sarafu hii imechakaa, sarafu hizi zimechakaa. Hela na pesa zinafuata njia hiyohiyo. Tuendelee.)

Nguvu ya sarafu hizi iliishia mpakani mwa mji. Fikirieni siku yetu ya chakula hapa shuleni. Mnanunua kuponi mlangoni, kisha mnazunguka nazo: kuponi mbili kwa sambusa, tatu kwa mishikaki. Ndani ya ukumbi ile karatasi ni hela kamili, mpaka watu wanakopeshana. Toka nayo nje, mpe dereva wa basi. Haipandi basi. Pfennig 10 ya Düren ilikuwa hivyo. Mwokaji wa Düren aliipokea bila wasiwasi kwa sababu alijua mteja anayefuata ataichukua kama chenji, na kwamba halmashauri yenyewe itaipokea na kuibadilisha kwa hela halali. Kwa mwokaji wa mji wa mbali ilikuwa kipande cha chuma tu.

Kampuni za tramu nazo zilitoa zao, na viwanda pia, ambavyo vililipa sehemu ya mishahara kwa vipande vilivyopokelewa kwenye kantini ya kiwanda. Hapo mimi nina mashaka kidogo. Mji ukikupa kipande chake, una maduka mengi ya kukitumia. Mwajiri akikupa kipande kinachofanya kazi kwenye duka lake tu, amekulipa kwa mkono mmoja na kukuvuta sikio kwa mwingine.

Kambi za wafungwa wa vita ndizo zilizotumia mpaka huo kwa makusudi. Wanajeshi wa Urusi, Ufaransa, Uingereza na kwingineko waliofungwa Ujerumani walipewa hela za kambi, za karatasi au za zinki na chuma. Waliweza kununua kitu kidogo kambini. Lakini mfungwa akitoroka usiku, asubuhi anajikuta kituoni kwa treni na mfuko umejaa hela isiyoweza kununua tiketi.

Vita vilimalizika Novemba 1918. Uhaba wa chenji haukumalizika, na hapo miji ikaanza kujipamba. Bonn ilitoa sarafu za chuma za mwaka 1920 zenye sura ya Beethoven, mwanamuziki aliyezaliwa mjini humo mwaka 1770. Kiwanda maarufu cha Meissen kilitengeneza sarafu za udongo wa kaure, nyeupe na kahawia, kwa ajili ya jimbo la Saxony na kwa miji mbalimbali. Kiswahili tunasema "nivunjie hii noti" tukitaka chenji. Sarafu ya Meissen ikikuponyoka sakafuni, umeivunja kwelikweli. Bielefeld walichapa noti kwenye hariri na kitani. Wakusanyaji wakazipenda mno, na miji ikagundua biashara tamu: mtu akinunua noti yako akaiweka kwenye albamu, hatakuja kamwe kudai umlipe. Kufikia 1921 miji mingi ilikuwa ikichapa hela za rangi ambazo hazikukusudiwa hata siku moja kununua mkate. Mwaka 1922 serikali ikapiga marufuku.

Marufuku haikudumu, kwa sababu mwaka 1923 mark yenyewe ilianguka. Miji, viwanda na reli vilirudi kuchapa noti, maana mitambo ya serikali haikuweza kufuata kasi ya bei. Mwezi Novemba 1923 dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na mark 4,200,000,000,000. Jimbo la Westphalia lina sarafu kubwa ya mwaka huo iliyoandikwa "1 Billion Mark." Wajerumani wanaposema Billion wanamaanisha milioni mara milioni, yaani kile ambacho sisi tunakiita trilioni. Ilipokuwa tayari kutoka, hela mpya ilikuwa imeshaingia na hela ya zamani haina kazi, hivyo ikauzwa kama kumbukumbu.

Sasa Tabora.

Vita hivyohivyo vilipiganwa Afrika Mashariki, kwa kuwa Tanzania bara, Rwanda na Burundi za leo zilikuwa koloni la Ujerumani. Hela ya koloni ilikuwa rupia. Awali rupia moja iligawanywa pesa 64, na tangu 1904 ikawa Heller 100. Jina Heller ni la zamani mno kwao. Linatokana na mji wa Hall, leo Schwäbisch Hall, uliokuwa ukipiga sarafu ndogo za fedha karne nyingi nyuma. Kwa hiyo ukisema "sina hela," unautaja mji wa Kijerumani bila kujua.

Sarafu za koloni zilipigwa Berlin na Hamburg zikaletwa kwa meli. Mwaka 1915 manowari za Uingereza zilifunga pwani yote, na meli hazikuja. Watu wakaficha sarafu walizonazo, kama walivyofanya Wajerumani kwao. Benki ya koloni, Deutsch-Ostafrikanische Bank, ikaanza kuchapa noti za muda hapohapo nchini, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Mwishoni, mwaka 1917, noti nyingine zilipigwa mihuri porini, na Wajerumani wenyewe waliziita noti za porini. Jeshi lilihitaji kulipa askari, wapagazi waliobeba mizigo kichwani kwa mamia ya maili, na wakulima waliotoa nafaka. Wengi wao hawakuiamini karatasi. Walitaka kitu kinacholia kikidondoka.

Ndipo mwaka 1916 karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na Tabora, ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma miaka miwili tu kabla yake. Mafundi walitengeneza Heller 5 na Heller 20 kwa shaba nyekundu na shaba ya manjano, sehemu yake ikitoka kwenye maganda ya risasi na makombora yaliyokwisha kutumika. Kule Ulaya shaba ilitoka kwenye kengele na masufuria kwenda vitani. Tabora ilitoka vitani kwenda sokoni. Zina taji, herufi D.O.A., mwaka 1916, na chini yake herufi ndogo T, ya Tabora. Ukikutana nazo kwenye meza ya mwuza vitu vya kale hapa Ulaya, tafuta hiyo T.

Walitengeneza pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Upande mmoja tai wa Ujerumani, upande wa pili tembo ameinua mkonga mbele ya mlima. Zilipigwa kama elfu kumi na sita tu. Ni nzuri kuliko sarafu yoyote niliyoitaja leo, ila mpagazi hakulipwa kwa tembo wa dhahabu.

Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji, ambalo askari wake wengi walikuwa Wakongo, liliingia Tabora. Sasa rudini kwenye lile swali la pipi. Mwanamke wa Düren mwenye kipande chake cha chuma alijua aende kwenye jengo gani, na jengo lilikuwa mwendo wa dakika chache. Mtu wa Tabora aliyeuza mtama wake akapewa noti za muda, aende wapi? Dar es Salaam nayo ilikuwa imeshatekwa mwezi huohuo. Makao makuu ya benki yalikuwa Berlin. Aliyekuwa na Heller 20 za Lulanguru angalau alishika shaba, na shaba fundi ataifua iwe kitu. Mwenye noti alibaki na karatasi, na wengi wa waliobeba mizigo ya vita vile hawakurudi hata kuzihesabu.

Mwaka 1921 ilikuja shilingi ya Afrika Mashariki. Heller zikatoka sokoni, na neno likabaki midomoni mwa watu.

Kazi ya nyumbani, kwa watoto na wazazi pamoja: muulizeni bibi, babu, shangazi au mjomba kwa simu, zamani dukani walipewa nini chenji ilipokosekana? Andikeni jibu lake kwa maneno yake mwenyewe, sentensi tano. Wakubwa, someni kwa sauti namba 4,200,000,000,000 bila kutumia neno hata moja la Kiingereza. Wadogo, choreni sarafu ya mtaa wenu: nembo gani mtaweka, thamani gani, na andikeni pembeni ni nani ataipokea mtu akiirudisha. Nitazitundika ukutani Jumamosi ijayo.